Namba Hizo ni za Pumzi Yangu, Si za Kaka

Mpendwa Mama Kageha, naomba msaada wako kabla mwezi huu haujaisha. Mimi ni mvuvi wa Dunga, nimepiga kasia tangu utotoni, na kaka yangu mkubwa Zadock anafanya kazi kiwanda cha nyuzi hapa Kisumu, upande wa kuchambua pamba, mahali vumbi linatanda mpaka humwoni mwenzako. Kila Januari wafanyakazi hupuliza mashine ya kupima mapafu na asiyefikisha kipimo huachishwa. Mwaka wa 1988 Zadock alipuliza mwenyewe akapita kwa shida, mwaka uliofuata akaniambia, "Omera, ndugu yangu, sisi tunafanana, nenda unipulizie," nikavaa ovaroli yake, nesi akaita namba ya kadi, nikapuliza mpaka akanisifu, na nimefanya hivyo Januari nne mfululizo mpaka ya mwaka huu, na jioni tulikuwa tunacheka.

Lakini Mama, mtu aliyekuwa akitembea kutoka Kondele mpaka kazini alianza kusimama njiani, halafu mwishoni mwa mwaka jana akawa anapumzika mara mbili kati ya nyumba na choo, nami nikijiambia ni kifua cha baridi tu. Mwezi wa tano alianguka. Hospitalini walimwambia atembee dakika sita kwenye veranda, akageuka mara moja tu akashika ukuta. Daktari akanionyesha faili lake la kiwandani. "Januari huyu alikuwa na mapafu kama ya mpiga kasia," akasema. "Vumbi haliharibu mapafu hivi kwa miezi minne. Hiki ni kitu kingine." Namba alizokuwa akisoma ni zangu, na sasa wanampa dawa za ugonjwa ambao nadhani hana.

Na huko kwetu Asembo wazee wanasema ugonjwa wa ghafla hivi ni chira, laana ya kuvunja mwiko, na mimi ndiye niliyeileta kwa kujenga boma langu kabla ya kaka mkubwa, na mwisho wa mwezi watamtoa wodini wakamnyweshe manyasi, dawa ya mitishamba ya kuondoa laana. Nimewaacha waamini hivyo, maana lawama hiyo naiweza. Mke wake Dorca ananiuliza kila siku, "Shemeji, mtu aliyepita kipimo Januari anaishaje hivi?" Zadock mwenyewe amenishika mkono akasema nikifungua mdomo yeye hana kazi na mimi nitafungwa. Nifanye nini?

Mpulizaji, Dunga

Ndugu Mpulizaji,

Nimesoma barua yako mara mbili nikashindwa kumaliza chai. Miaka mingi katika safu hii nimejibu watu walioiba wake na mashamba, sijapata kuona mtu aliyempa mgonjwa afya ya karatasi. Pole, najua ulimpenda kaka yako. Lakini ulimwona akishindwa kufika choo na bado Januari hii ukavaa ovaroli. Hapo sikuelewi kabisa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeficha ya mwenzako, na atakayeumbuka ni yeye. Tena unajificha nyuma ya wazee, unawaacha wahangaike na chira huku jibu unalo kifuani. Aibu hiyo.

Sasa sikiliza. Usingoje mwisho wa mwezi. Ukimaliza kusoma hapa, nenda kwa daktari yule yule, umwambie: namba ya 1988 ni ya Zadock, nne zilizofuata ni zangu. Mwambie awapime wewe na Zadock siku moja, aone mwenyewe. Akiweka ile ya 1988 kando ya ya leo, ataona mapafu yaliyoshuka pole pole miaka minne katika vumbi, na atajua dawa za kuacha na za kuanza. Kisha mwambie Dorca, wewe mwenyewe, asisikie sokoni. Kisha wazee.

Kazi? Mtu asiyeweza kuvuka veranda hana kazi tena, ndugu yangu, hata faili likisema ni bondia. Ukweli ukiandikwa kwamba ni vumbi, angalau chama cha wafanyakazi kitakuwa na la kumtetea. Kuhusu kufungwa sikuahidi kitu. Tafuta wakili, lakini baada ya daktari, si kabla.

Zadock atakasirika. Pengine hatakusemesha mwaka mzima. Mshukuru Mungu akiupata huo mwaka.

Mama Kageha