Shemeji na Hewa ya Mtungi Wangu

Shoga, uko hapo? Nina hasira!

Leo ilikuwa mbizi ya mwisho kabla ya cheti cha uzamiaji. Mwalimu akanipanga na shemeji, mume wa dada. Si unamjua anavyojisifu.

Tuko chini kabisa, shemeji akaishiwa hewa. Geji ya kupimia hewa hakuitazama hata mara moja, alikuwa anafukuza samaki! Macho yamemtoka pima. Nikampa kipumulio cha akiba cha mtungi wangu, nikamshika mkono, tukapanda taratibu kama tulivyofundishwa.

Tulipoibuka mwalimu akauliza, "Kuna nini?"

Shemeji akajibu, "Huyu mtoto amepagawa huko chini. Nimemwokoa."

NIMEMWOKOA! Na kipumulio changu bado amekishika mkononi!

Na mimi unavyonijua, ulimi ukaganda. Mwalimu akasema cheti changu kisubiri, nirudie mbizi. Shemeji akapewa mkono wa hongera. Hongera ya nini?

Tumefika nyumbani, dada ananiambia, "Mshukuru shemeji yako, bila yeye tungekuzika."

Tungekuzika!

Hapo nikasema. Mimi! Sebuleni, mbele ya wote. "Dada, muulize alikuwa anavuta hewa ya mtungi wa nani."

Shoga, shemeji akaanza kutafuta rimoti. Na ameikalia.

Dada akaenda kuzima televisheni kwa mkono. "Baba watoto, nakusikiliza."

Yeye eti, "Rimoti iko wapi?"

Sasa dada anampigia mwalimu. Ameweka sauti kubwa, halafu simu amenishikisha mimi. Inaita.