Daraja Juu ya Boma la Shemeji

Jumanne, Mulanda

Leo shemeji Okoth amerudi kwenye chungu cha malwa, pombe yetu ya ulezi tunayoinywa pamoja kwa mirija. Nimefurahi, lakini sikumwonyesha.

Taabu yote ni ile gemu ya kujenga mji, aliyoniachia mjukuu kwenye kompyuta. Nimejenga Mulanda yetu humo, kila boma mahali pake. Reli ya kweli haitaki kona kali, kwa hiyo Jumapili niliinyoosha kutoka Tororo mpaka Busia, ikapita katikati ya boma la Okoth. Nikabonyeza, nyumba yake ikafutika. Naye amekaa hapo hapo kando yangu.

"Mpaka kaburi la mama umevunja?"

Akachomoa mrija wake kwenye chungu, akaenda nao. Hapa kwetu mtu akiondoka na mrija, huo si mchezo tena. Na mama yake ndiye mama mkwe wangu, basi hata mke wangu akaninyima chakula.

Leo nimerudisha nyumba na kaburi, nikajenga daraja refu lipite juu. Nikamwita aone. Treni ikapanda, ikafika juu ya paa lake, ikakwama. Mwinuko wa daraja niliuweka mkali mno. Nikajua nimekwisha.

Okoth akatazama weee. "Shemeji, hawa abiria wanashukia wapi?"

"Hawashuki. Wamekwama."

"Basi weka stesheni, uipe jina la mama." Akachomeka mrija.

Nimeiweka. Ila mama mkwe alipokuwa hai, kwa mila yetu nilikatazwa hata kumkaribia. Sasa kila treni yangu lazima isimame kwake.