Ukurasa wa Kumtafuta Mohamed

Abaayo Dahabo, mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Mgongo yako iko aje, na mbuzi? Mvua imefika Garissa? Huku Toronto tuko hai, alhamdulillahi, lakini baridi inaingia hata kwa meno. Nasema Kiswahili kwa sababu binti yangu Halima ndiye anaandika, na Kisomali shuleni hawakumfundisha. Maziwa ya huku haina harufu ya moshi, sijui wanakamua nini.

Dahabo, keti chini. Habari ni ya mtoto wangu Mohamed, aliyepotea na ngamia hii miaka minne.

Halima alimwandikia ukurasa kwa kompyuta, ati anayemjua atuandikie. Mtu akitafuta jina, mashine inaleta kurasa kwa foleni, kama siku ya kipande. Yetu ilikuwa nyuma kabisa. Halima akasema kuna orodha kubwa za kurasa, pengine tukiandikwa huko tutasogea mbele.

Nikamuuliza, "Kama daftari ya chifu? Hiyo imewahi kusogeza nani?"

Akacheka. Akatengeneza mbili, maneno sawa. Moja akaiandikisha kwa kila orodha, ingine akaiacha hivyo. Kila Ijumaa tunaangalia. Mwaka mzima, zote mbili nyuma. Mbele wamejaa akina Mohamed Abdi Hassan wa dunia yote, wengine madaktari.

"Hooyo, tuandike Langare," akaniomba tangu Ijumaa ya kwanza. "Nani alimwita Mohamed?"

Nilikataa. Unajua ngamia alimvunja mguu, watu wakamwita hivyo, mwenye kuchechemea. Mimi mama nimwite kilema mbele ya watu? Nikakaa na hiyo heshima yangu.

Ramadhani ilipoisha nikachoka, nikasema andika. Akaiweka kwa ule ukurasa hauna orodha. Ukaenda mbele, wa kwanza. Langare hakuna mwingine. Siku chache tu, mtu wa Diff, huko mpakani, aliye London akaandika: "Langare wa mguu wa kushoto? Tulimzika sisi. Alifika na risasi tumboni, swala ya magharibi hakuiona. Tulimuuliza jina, akasema Langare, basi."

Wao walikuwa na kaburi na hiyo jina moja. Mimi nilikuwa na majina matatu, kaburi sina.

Mwambie Sahra, mke wake, polepole, usimwambie sokoni. Akae eda, akimaliza asiningoje mimi wala mtu, aolewe. Mwaka mmoja wa kungoja kwake ni wangu, aniwie radhi. Shemeji, bwana yako, aende Diff na sheikh wamsomee Yasini. Msalimie yule jirani wa maziwa.

Ni mimi dada yako mkubwa, Mama Langare. Halima ameacha kuandika, ananiangalia. Andika hivyo hivyo.