Mkono Uliokwenda Sikioni

Duka la Mikate,
Nyuma ya Zahanati.
Jumapili, tarehe 14 Juni.
Asubuhi: manyunyu mpaka saa mbili, kisha jua kali.

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Shemeji yangu na wanangu hawajambo? Goti la shemeji limepona baada ya kule kuanguka, au bado anapanda ngazi kwa kunung'unika? Sisi huku ni wazima. Mama anakula vizuri na anagomba vizuri, kwa hiyo usimwogopee.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Swali lako, kama ufungue duka na yule mwenzako wa cherehani, nitalijibu, lakini vumilia kwanza, maana jibu limo humu humu katika habari zetu.

Habari yenyewe ni kwamba tumehamisha duka! Mwenye nyumba wetu wa zamani anamwoza mwanawe, akavitaka vyumba vyake kabla ya mwezi wa tano kuisha. Hakuwa na ubaya. Alikuja mwenyewe kunieleza. Lakini mimi nilikosa raha. Mikate ikikatika hata wiki moja tu, wateja wanazoea kwingine, na wale kina mama wawili ninaokanda nao wangebaki bila kazi.

Unanijua. Mume wangu haniiti Mama Rula bure. Nilichora jedwali: maji, umeme, sakafu, mlango wa kupitishia magunia ya unga, majirani, barabara. Kila kitu nikakipa alama. Tulizunguka na dalali tukaona vyumba vingi, na kimoja kikaviacha vingine vyote nyuma. Vigae vyeupe mpaka juu, maji hayakatiki, mbele kioo kitupu kinachotazama barabara kubwa. Dalali alikuwa anagonga vigae kwa vidole. "Mama, hapa ni wewe tu na riziki yako." Mume wangu alishaanza kupanga kwa macho tanuri litakaa wapi.

Basi nimekaa, kalamu mkononi, karatasi ya mkataba mbele yangu, mara namsikia mume wangu anacheka. "Mbona umeshika sikio?"

Dada, mkono wangu wa kushoto ulikuwa sikioni na sikujua umefikaje. Unakumbuka Mama alivyotufundisha: minya donge la unga, kisha minya ndewe ya sikio, vikilingana ulaini, unga umekandika. Siku hizi hata sifikirii. Mkono unapanda wenyewe, ukipata jibu unashuka. Siku hiyo haukushuka. Niliminya, nikaminya tena, kama mtu aliyeshika unga ambao bado.

Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia dalali sipachukui.

"Kuna nini, mama? Maji? Bei?"

"Hapana. Ni pazuri."

"Sasa?"

"Sijui."

Akamgeukia mume wangu kana kwamba nimeanguka kifafa. Tulipokaribia nyumbani mume wangu akasema, "Tangu nikuoe, leo ndiyo mara ya kwanza unakosa sababu. Tupitie hospitali?" Tulicheka wote wawili, ila mimi nilicheka kwa hofu. Jioni nililia jikoni peke yangu. Jedwali lilikuwa sahihi, mwezi ulikuwa unayoyoma, na mimi nilikuwa na sikio tu.

Wiki iliyofuata dalali, nadhani kwa kunikomoa, akatuleta hapa nyuma ya zahanati, palipokuwa karakana ya fundi viatu. Chumba chembamba, sakafu ina nyufa, kuta zinanuka gundi. Kwenye jedwali langu kingeshika mkia. Nikasimama katikati, mlango wa mbele uko wazi na dirisha la nyuma liko wazi. Mkono ukapanda sikioni, ukaminya mara moja, ukashuka. Nikajikuta namwambia mume wangu meza ya kukandia ikae upande gani.

"Mama Rula! Hujapima hata ukuta!"

"Leo pima wewe," nikamwambia.

Tukaziba nyufa, tukapaka chokaa, fundi akajenga tanuri. Huyo fundi nikuchekeshe kidogo. Siku ya pili moyo ulimkataa kabisa, nikaapa kwamba ananidanganya kwenye matofali. Kumbe nilikuwa na njaa. Tanuri lake halina kasoro hata moja! Kwa hiyo si kila kinachokorogeka tumboni ni cha kusikilizwa. Mambo ya mikate mkono wangu unayajua, nimeukandia miaka. Mambo ya matofali haujui kitu.

Jumatatu tukaoka kwa mara ya kwanza. Upepo ukaingia kwa dirisha la nyuma, ukatoka kwa mlango wa mbele, ukaibeba harufu moja kwa moja mpaka kwenye foleni ya zahanati. Kwanza akaja nesi, ati anapita tu. Nyuma yake mzee mwenye bandeji kichwani: "Nipe wa moto, daktari atanisubiri." Kisha mlangoni pakajaa. Kabla ya saa nne rafu zilikuwa tupu. Wale kina mama wakapiga makofi kwa mikono iliyojaa unga mpaka tukawa weupe sote, na mume wangu, ambaye alikuja kutazama tu, akatumwa kuleta gunia jingine.

Hapo ndipo sababu yangu ilipofika. Kile chumba cha vigae, dirisha lake lilikuwa halifunguki, na kile kioo cha mbele kingeifungia harufu yote ndani pamoja na mimi. Mkate ungeivia mle na mpita njia hata mmoja asigeuze shingo. Jedwali langu halikuwa na safu ya harufu. Nisingeikumbuka kuiandika; naishi ndani yake kila siku. Nilipomweleza Mama, hakushangaa. "Sikio hilo nimelivuta mimi tangu ukiwa mtoto," akasema. "Lingekosaje akili?"

Sasa swali lako. Umeniomba nimchoree mwenzako jedwali: mchapakazi, ana cherehani mbili, ana wateja wake. Vyote vizuri. Leo mchana nilikaa na rula, nikaiweka kando. Mimi simjui. Wewe ndiye unayekaa naye meza moja, na vidole vyako vinatambua kitambaa hata gizani. Mwite, mshone nguo moja pamoja, tangu kukata mpaka vifungo, mpaka mchokane. Halafu tazama mkono wako wa kushoto. Ukishuka wenyewe, fungueni duka. Uking'ang'ania sikioni, mshukuru uondoke, hata kama sababu huna. Yangu ilichelewa, lakini ilikuja.

Mpe salamu shemeji yangu na goti lake, wanangu wote, hasa yule mdogo anayeogopa mbwa, na shangazi ukimwona. Mama anasema ule. Mungu akufungulie mlango, na dirisha la nyuma pia.

Ni mimi nikupendaye, ninayekukumbuka kwa kila donge,
mdogo wako,
Mama Rula.

Saa nne na robo usiku. Mwokaji mwenye akili amelala tangu saa mbili. Nazima taa, mkono uko chini ya mto.