Hodi Ambayo Sikuipiga

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na wifi yangu na wale wanangu wawili, ambao naambiwa suruali nilizowashonea mwaka jana sasa zinaishia magotini. Na goti lako wewe, linaendeleaje? Nilimwambia Mama kwamba daktari amekukataza ngazi, akasema wewe tangu utotoni hukatazwi ukakatazika. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, anatembea hadi mlangoni na kurudi bila fimbo, na ulimi wake haujaugua hata siku moja. Mimi pia mwili u salama, ni moyo tu ndio hautulii. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ningekutania, ungecheka, tungeagana, na jambo lenyewe lisingesemwa.

Unaikumbuka ile Sheria Ndogo ya Kudhibiti Kazi Zinazofanyika Majumbani niliyokusimulia tukaichekea. Kaka, sasa imeingia ndani, na nikisema ndani ni ndani kweli, hadi kwenye kabati la Mama. Kila anayefanya kazi ya mikono nyumbani kwake lazima awe na kibali. Chumba cha kazi kisiwe na kitanda. Wateja waandikwe kwenye daftari, jina na walichofuata, na afisa wa baraza la mji aingie kukagua saa yoyote ya mchana bila taarifa. Madiwani bado hawajaipigia kura ya mwisho, lakini maafisa wameshaanza kukagua, na ikipita, mwisho wa mwezi huu asiye na kibali vifaa vyake vinabebwa.

Afisa aliyeletwa mtaani kwetu tumempa jina la Bwana Futi, maana haiachi futi yake hata akinywa maji. Alikuja wiki tatu zilizopita, akapima chumba cha mbele, akaandika. Nikachungulia alichoandika, nikachukua futi yangu ya kushonea nikapima upya mbele yake, akawa amekosea kwa sentimita arobaini. Mimi ningekata gauni la bibi harusi kwa macho yale ningefukuzwa mji. Hakucheka. Akavuta pazia, akamkuta Mama amekaa kitandani anachambua vifungo, akaniambia nichague, cherehani itoke au kitanda kitoke. Cherehani ikitoka hatuli. Kitanda kikitoka, Mama anarudi kwenye kile chumba cha nyuma kisicho na dirisha, na daktari alishasema kifua chake hakikiwezi. Kisha akaulizia daftari la wateja. Nikamuuliza yeye na baraza lake wanataka nini na viuno vya watu. Miaka kumi na minne natunza siri za viuno katika mtaa huu! Kuna mke wa mtu nimempanulia gauni moja mara tatu, na mumewe mpaka leo hajui. Nikamwambia Bwana Futi kwamba daftari hilo ataliona siku nikiwa sina pumzi.

Basi nikachachamaa. Wewe unanijua, na Mama anasema mdomo wangu ukishatiwa uzi hausimami mpaka uzi wa bobini uishe. Nilizunguka nyumba kwa nyumba, kwa msusi, kwa fundi viatu, kwa yule mama anayeoka mikate. Niliwaambia sipingi serikali ikichimba mtaro au ikizoa taka, ingawa hizo taka wenyewe tunajua zinazolewa lini. Lakini mtu mzima, ndani ya kuta zake, kwa mikono yake, bila kumdhuru mtu, aachwe. Leo wanakuambia kitanda kikae wapi, kesho watakuambia ulale saa ngapi. Wakaniunga mkono wote, na aliyeniunga mkono kuliko wote ni jirani yetu seremala.

Fundi Randa unamkumbuka, yule tunayetenganishwa naye na ukuta mmoja tu. Yeye hali yake ni mbaya kuliko yangu. Wanataka mashine yake ya kuranda ihamishiwe eneo la viwanda, mwisho kabisa wa mji, na yeye wateja wake wote wako hapa, watu wa kuja na kiti kilichovunjika mguu wakasubiri. Ni mtu wa maneno machache. Alifagia karakana, akapanga mbao tukalie, na Jumamosi iliyopita tukafanya mkutano humo. Diwani naye akaja, akakalia kigoda ambacho gundi yake ilikuwa haijakauka, akawa muda wote amekaa kwa adabu kama mgeni wa posa.

Nikasimama. Nilisema mengi, na sitakudanganya, nilisema vizuri. Mwisho, kwa kunogewa, nikamgeukia diwani nikamwambia kwamba sheria hii wameitunga wenyewe ofisini, na kama sivyo atuonyeshe mwananchi mmoja, mmoja tu, aliyewahi kuwaomba. Watu walipiga makofi mpaka vumbi la mbao likaruka. Diwani hakukasirika. Alisubiri makofi yaishe, akasema kwa upole kwamba mwananchi huyo yupo, ni wa mtaa huuhuu, barua yake imo kwenye faili ikiwa na jina na namba ya nyumba, na kwa kuwa tumeomba wenyewe, itasomwa hadharani kwenye kikao cha Jumamosi hii, kabla madiwani hawajapiga kura.

Mtaa ulilipuka. Kila mtu akamtazama mwenzake, na fundi viatu akaapa kwamba mtu huyo hatavaa kiatu tena katika mtaa huu. Ndipo Fundi Randa akainuka, jambo ambalo halifanyi, akasema yeye hataki mtu atukanwe wala aguswe. Angependa tu kumuuliza jambo moja. Kama kuna kitu kilimkera, kwa nini hakuja kupiga hodi?

Jumapili ukanipigia ukaniambia umewasimulia wenzako kazini kwamba mdogo wako ni simba jike. Nikakata simu nikisingizia kwamba pasi inaunguza kitambaa. Kaka, pasi ilikuwa baridi.

Barua ile ni yangu.

Ngoja nikueleze, usinihukumu kabla. Unakumbuka Mama alipofanyiwa upasuaji, miaka mitatu iliyopita, ukashindwa kuja kwa sababu ya kazi. Siku aliyozidiwa, barabara ilikuwa imechimbwa na gari haikuweza kufika mlangoni. Fundi Randa ndiye aliyembeba mikononi, kama mtoto, hadi barabara kuu. Mama aliporudi nyumbani, mashine ya kuranda ikawa inaanza saa moja asubuhi, na mimi kila ikinguruma nahisi kama inapita kwenye mshono wa Mama. Siku tisa. Kila asubuhi navaa kanga, nafika mlangoni kwake, narudi. Ningemwambiaje? Mtu amembeba mama yangu mikononi, halafu mimi niende kumwambia kelele zako zinatukera? Niliona haya, Kaka. Haya ziliniua.

Siku ya kumi nilikwenda baraza la mji kuulizia bomba letu la maji, nikaona sanduku la maoni na fomu zake. Nikajaza. Na kwa haya zilezile sikutaka kumtaja jirani yangu kwa jina, wala kutaja useremala, asije akajulikana akapata matatizo. Nikaona niandike kwa ujumla, kiungwana. Nikaandika, naikumbuka kila herufi, kwamba ninaliomba baraza lidhibiti kazi zinazofanyika majumbani. Soma tena jina la sheria. Nilimkwepa mtu mmoja nikaukamatisha mtaa mzima, na mimi mwenyewe nimo. Hawakunijibu, kelele nikazizoea, na fomu nikaisahau kabisa. Nakuapia niliisahau, mpaka diwani aliposema kwamba barua ina jina na namba ya nyumba. Halafu mimi ndiye ninayehubiri kwamba serikali imeingia vyumbani bila kualikwa! Niliialika mimi, kwa mwandiko mzuri.

Na kinachoniuma zaidi, juzi nilimuuliza Mama kwa mzunguko kama kelele za kwa fundi zilimsumbua wakati ule. Akanishangaa. Akasema katika ugonjwa wote ule, kitu kilichomfariji ni mashine ile, maana ikianza anajua kumekucha, watu wako kazini, na yeye bado yupo.

Haijaisha. Juzi hiyohiyo, mchana, Bwana Futi alikuja. Safari hii alibisha hodi, akaketi, akamsalimia Mama shikamoo. Akaweka juu ya cherehani karatasi mbili. Moja nakala ya fomu yangu. Ya pili kibali, kimeshagongwa muhuri, na kwenye sehemu ya kitanda ameandika kwamba kinaruhusiwa kwa sababu za afya. Akasema baraza halina roho mbaya. Mimi Jumamosi nikipata mafua, au nikikaa kimya tu, fomu itabaki ndani ya faili na hakuna atakayejua. Kaka, sikumfukuza. Ningependa kukuandikia kwamba nilimfukuza. Nilisema nitafikiria, akaziacha karatasi zote mbili, na siku mbili nimelala na kibali kile chini ya mto. Nilikuwa namwangalia Mama pale dirishani nikijiambia kwamba uhuru ni kitu kizuri, lakini kifua cha Mama je? Nilikuwa nakaribia kukaa kimya. Wewe peke yako ndiye unayelijua hilo.

Leo asubuhi nilizichukua karatasi zote mbili nikaenda kwa Fundi Randa. Nikapiga hodi. Akaniitikia karibu, akazima mashine ili tusikilizane. Nikampa fomu mkononi kwa sababu mdomo wangu huu, kwa mara ya kwanza, ulikataa. Aliisoma polepole, kidole chini ya mstari. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu nilivumilia kelele siku ngapi kabla sijaandika. Nikamwambia tisa. Akasema wakati ule alikuwa na milango ya kutengeneza kwenye jengo la watu, angeweza kwenda kufanyia kazi hukohuko mwezi mzima, mashine ni ya kubebeka. Alihitaji kuambiwa tu. Nikamwambia Jumamosi nitasimama niisome mwenyewe kabla diwani hajaifungua, kisha nimrudishie Bwana Futi kibali chake mbele ya watu wote. Akaitikia kwa kichwa. Akanirudishia karatasi, akaniambia nimsalimie Mama. Hakuniita jirani.

Kwa hiyo nitasoma, na ninaogopa. Fundi viatu aliapa, na mtaa huu ukiapa haurudi nyuma. Inawezekana sheria ikapita hata hivyo, nikapoteza chumba na watu kwa mpigo. Ikiwa hivyo, jiandae kumpokea Mama kwa muda, na wifi yangu asihangaike na kitanda, nitatuma hiki cha huku. Na nakuomba wenzako kazini usiwasimulie tena habari zangu. Ukishindwa, basi wasimulie zote.

Msalimie wifi, wabusu wanangu, na ngazi uache kama ulivyoambiwa. Mama anakusalimu sana. Ninavyomalizia barua hii ni saa tano asubuhi, siku ya kazi, na upande wa pili wa ukuta pako kimya tangu nilipotoka. Mama ameshaniuliza mara mbili kama Fundi Randa anaumwa. Bado sijamjibu.

Ni mimi mdogo wako,
Cherehani