Kamera Iliyogoma

Kaka Sosaia,

Huku Neiafu hatujambo kiasi. Viazi vikuu tumeshachimba, na kanisa limepakwa rangi.

Kompyuta uliyotuachia imezeeka, nikaamua kuiwekea mfumo mwepesi wa Linux. Kwanza niliijaribu kwa flashi, nione kama itaelewana na vifaa vyote. Sauti ilitoka, intaneti ikashika, kamera ikagoma. Nikamwambia mama nitatafuta Linux nyingine.

“Acha hivyo hivyo,” akasema. “Sosaia akipiga, asikie sauti tu.”

“Kwa nini, mama?”

“Akiyaona mashavu yangu yalivyobonyea, ataacha kazi aje.”

Daktari anasema ni ini. Linux nimeiweka bila kamera, kama mama alivyotaka. Lakini kunyamaza sikumwahidi. Njoo umwone kwa macho yako.

Dada yako,
Lupe