Kuvunjika si Kuuma

Kambi ya Mantapala, Zambia, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Najua umeshika karatasi hii ukiwa umekasirika, na unatafuta wa kumlaumu. Nilaumu mimi. Namna barua ilivyokufikia ni shauri langu. Mdogo wangu Monga hana kosa, na jirani yako Mama Petronila hana kosa. Nitaeleza mwisho. Kwanza pokea salamu zangu, nami nazipokea zako hata kama unazitoa kwa meno.

Habari ya nyumba? Kikohozi chako cha asubuhi kimepoa? Mbuzi amezaa, au bado anawadanganya? Sisi huku tuko, Bwana asifiwe. Watoto wanakula na kugombana, mihogo imeshika vizuri, na baba yao bado yuko Chienge na samaki zake. Kitu kimoja tu hakitulii, nacho ni moyo wangu, na sababu ni wewe.

Monga alinipigia simu: "Yaya, dada yangu, mama amelala. Anasema haamuke tena." Nikakupigia. Ukaniambia mugongo imevunjika, bon, mambo imeisha, na ukakata. Nikapiga tena, ukakata tena. Karatasi huwezi kuikata, ndiyo maana naandika. Ningekuja mwenyewe, lakini ruhusa ya kutoka kambini haijatoka, na watoto siwezi kuwaachia majirani. Basi nazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nafagia palipofagiliwa. Nimechemsha maji mara mbili na sijui ya nini.

Nimeinuka kidogo, nimerudi. Usishangae barua ikikatika hivi, mimi sikai tena muda mrefu mahali pamoja, na sababu yake ndiyo habari yenyewe. Sasa naandika nimesimama, karatasi iko juu ya pipa.

Sikukuambia, Mama, lakini mgongo wangu nao uliniangusha. Ulianza baada ya mavuno, hapa chini kiunoni, ukishuka mpaka kwenye tako. Nikafanya kama ulivyotufundisha: nikapasua kitenge, nikajifunga kiuno, nikakaza mpaka pumzi ikawa ngumu. Nikaacha kuinama. Nikaacha kutwanga majani ya sombe, kisha nikaacha shamba. Kila nilichoacha, maumivu hayakushukuru. Mwisho nikaenda kwenye kituo cha afya.

Aliyenipokea ni mama mmoja Mzambia, mtu mwema, ila Kiswahili chake alikiokota kwenye soko la samaki la Kashikishi.

"Unaumwa nini, mukwai?"

"Mugongo inanivunjika."

"Inavunjika? Ulianguka?"

"Hapana, inavunjika tu. Nikiamuka inavunjika, nikilima inavunjika."

Akatoa macho. Wewe unajua kwetu tunavyosema. Mwenye malaria viungo vinamvunjika, aliyelima kutwa kiuno kinamvunjika, na hakuna anayemkimbilia. Sokoni kwake kinachovunjika ni sanduku, na likivunjika limevunjika. Kufumba na kufumbua nimelazwa juu ya ubao, nimefungwa, gari limeitwa, na kila mtu ananiambia nisitikisike. Wanawake wa mtaa wetu wakaja mbio. Mmoja alikuwa analia tayari, mwingine anauliza watoto wangu watakaa kwa nani. Walikuwa wananizika, Mama, na mimi nilikuwa na njaa tu. Lakini nikwambie kweli, nilipolala pale nimefungwa nilianza kuamini. Maumivu yaliyokuwa kiunoni yakapanda mpaka shingoni.

Kule hospitali ya Nchelenge wakanipiga picha ya mifupa. Hakuna kilichovunjika. Ilipasa nifurahi, nami nilikasirika. Nilirudi nikiwaza: wananiona mwongo. Nikalala. Nililala kama wewe unavyolala sasa, uso ukutani, nikiwajibu watoto kwa mkono.

Aliyenitoa pale ni Ba Chanda, mwanamke wa Kitwe, fundi wa mazoezi ya viungo, ambaye huja hapa kambini kutukusanya sisi wenye migongo. Nilienda kumgombeza. Tulikaa chini ya bati la kituo, wanawake wengi, na mzee mmoja mvuvi. Akauliza, "Nani hapa mugongo yake ilivunjika?" Wote tukainua mikono.

"Mwaona," akasema. "Muliingia hapa na miguu yenu, na mikono munainua. Mutu wa mugongo ya kuvunjika hawezi fanya vile."

Yule mzee akakunja uso. "Madame, alors siye tunadanganya?"

"Hapana, tata. Maumivu iko ya kweli. Lakini kuuma haiko kuvunjika. Weye uko na mbwa?"

"Niko naye."

"Mwizi akikuja, analia. Sasa kama mwizi alikuja mara mingi, ile mbwa itaanza kulia hata kwa upepo, hata kwa mutoto wako. Analia kweli. Lakini mwizi haiko. Ule mugongo wa miezi mingi iko vile. Unalia sana, na ndani hakuna kitu inaharibika."

Mzee akasema mbwa wake ni hivyohivyo kabisa, na tukacheka. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa bado na hasira yangu, sikutaka ichukuliwe na mbwa.

Kabla ya kutufundisha lolote alituuliza mmoja mmoja kwa pembeni: mkojo au choo kinatoka bila kukiita? Kuna ganzi katikati ya mapaja? Mguu unakufa nguvu? Homa? Unakonda bila sababu? Mwenye moja ya hayo si wa kukaa darasani, anakwenda hospitali siku ileile. Mimi sikuwa nayo. Na wewe pia huna, maana nilimtuma Monga akuulize, na najua ulimtukana kila swali. Alinipa majibu yote pamoja na matusi. Lakini siku moja likitokea, Mama, usingoje mtu.

Halafu akanifikia mimi. Akaniambia nifungue kitenge kiunoni. Nikafungua, nikajiona uchi mbele ya watu. Akachukua sandali yangu akaiweka chini.

"Okota."

"Siwezi. Itavunjika."

"Sema itauma."

"Itauma."

"Bon. Okota sasa, panono panono, polepole, na magoti ikunje."

Wote wananitazama. Mama, niliogopa sandali ya plastiki kuliko nilivyoogopa bunduki siku nilipokimbia na watoto. Nikainama. Iliuma. Nikashika sandali, nikanyooka, na niliposimama nilikuwa mzima. Nililia mbele ya wote, na sioni haya kukuandikia.

Ngoja, naenda kuangalia chungu.

Nimerudi. Usifikiri nilipona siku ile. Asubuhi moja niliamka mwepesi, nikasema leo shetani ameshindwa, nikalima sehemu yote mpaka jua likakaa kichwani. Haraka haraka haina baraka: siku zilizofuata hata kugeuka kitandani ilikuwa kazi. Nikamwendea Ba Chanda nikiwa nimepinda, nikamwambia mbwa wako huyo leo ameniuma kweli. Hakunicheka. Alisema, "Siku ya muzuri, usimalize kazi yote. Siku ya mubaya, usilale yote." Sasa nalima kidogo na kuacha wakati bado natamani kuendelea, kitu ambacho kwa tabia yangu ni adhabu. Natembea mpaka barabara kubwa na kurudi. Kitenge nilichopasua nimekishona, kinafunika unga. Bado inauma, sikudanganyi. Leo inauma ninapokuandikia. Lakini siku inapita nami nimo ndani yake.

Sasa wewe. Daktari wa Pweto alikuambia arthrose, viungo kuchakaa, nawe ukaisikia kama hukumu. Nilimuuliza Ba Chanda. Alisema ni mvi za ndani. Wenye umri wako karibu wote wanazo, na wengi wao wako shambani sasa hivi. Mvi za kichwani hazikukulaza. Kwa nini hizi zikulaze?

Monga aliniambia pia kwamba ulimlazimisha ang'oe mlango wa nyumba ili ulale juu ya ubao mgumu, na mlangoni mmetundika pazia. Mama yangu, nyumba haina mlango kwa sababu ya mgongo ambao haukuvunjika. Ningecheka kama isingekuwa wewe. Nani alikuwa akituamsha kwa kusema jembe ukiliweka linashika kutu? Nani alitembea na mizigo kichwani, na mimi mgongoni, mpaka tukaliona ziwa? Mgongo ule ndio huo. Ulinibeba mimi.

Ninaogopa, Mama, nakuambia waziwazi. Siogopi mgongo wako, naogopa ule ubao. Kila siku unayolala juu yake miguu inasahau kidogo, na mimi niko ng'ambo hii ya ziwa, siwezi kukushika mkono. Sitaki siku ruhusa itakapotoka nivuke nikukute umesahau kabisa kusimama. Hilo ndilo linalonizungusha nyumba.

Msalimie Monga, mdogo wangu, umwambie asante kwa kuvumilia matusi, na kwamba mlango aurudishe mahali pake leo hii. Wewe lala kwenye godoro kama watu. Msalimie shangazi anayekutengenezea uji, ila umwambie uji mwingine utautengeneza mwenyewe, ukikoroga umesimama. Wajukuu zako wanakusalimu, mkubwa anauliza kama bado una sauti ile ya kwaya. Na umsalimie sana Mama Petronila, ambaye nadhani amekaa karibu nawe anajifanya hasikilizi.

Sasa nieleze kama nilivyoahidi. Baba Kisimba anayevuka na magunia ya samaki nilimkataza kuingia kwako. Nilimwambia barua aiache kwa Mama Petronila, kule ng'ambo ya pompi ya maji, ukipita kanisa. Monga nilimwambia akupe habari tu kwamba iko pale, na hakuna mtu wa kukuletea. Nilijua utatutukana wote. Nilijua pia huwezi kulala kwa amani, mgongo mzima au mbovu, ukiwaza barua yangu iko mikononi mwa Petronila.

Kwa hiyo kama macho yako yako juu ya mstari huu, Mama, umetembea. Labda ulisimama njiani, labda ulishika ukuta wa kanisa, na iliuma. Haikuvunjika. Pumzika hapo, unywe maji, usome tena ukitaka. Halafu rudi nyumbani kwa miguu ileile.

Mtoto wako uliyembeba,
Feza